MLANGO WA KAMPUNI UKO WAZI, LAKINI JINA LAKO USILIKODISHE

(Ifuatayo ni mada iliyoandaliwa kwa ajili ya vijana wa Sola na wenzao wa Maswa na Bariadi, mkoani Simiyu. Tunaichapa nzima ili nawe msomaji uliyeko kijiweni mjini uipate. — Mhariri)



Mada niliyopewa ni fupi lakini ina mambo: ni nani anayeruhusiwa kuanzisha kampuni na kuwa mkurugenzi wake? Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Mkurugenzi! Vijiweni kwetu, kuanzia hapa Sola mpaka stendi ya Bariadi, neno hilo linamkumbusha mtu kitambi, gari la vioo vyeusi na mlinzi getini. Kijana anayeendesha bodaboda ya mwenziwe, anayefyatua matofali au anayebeba marobota ya pamba msimu ukifika, hajioni kabisa ndani ya neno hilo.

Hapo ndipo tunapoanza kuliwa. Yule mwenye kitambi anajua jambo ambalo wewe hulijui: kwamba sheria inakuruhusu wewe kama inavyomruhusu yeye. Na kwa kuwa anajua kwamba hujui, anakuja kwako na noti chache kwenye bahasha, anaomba namba yako ya NIDA na saini yako. Siku hiyo unakuwa mkurugenzi bila kujua umekuwa nini. Mambo yakiharibika, karatasi hazina jina lake. Zina jina lako, na polisi watamfuata mwenye jina.

Kwa hiyo leo nina mambo mawili tu. La kwanza, mlango wa kampuni uko wazi kwako. La pili, ukiingia, ingia kwa miguu yako mwenyewe, usiingizwe kama mzigo.

KAMPUNI NI KITU GANI?

Hapa Usukumani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nani asiyewajua Bagika na Bagalu? Vyama hivyo vya ngoma vinatokana na mabwana wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliokuwa mahasimu wakubwa katika kucheza. Ngika amekwisha kufa. Gumha amekwisha kufa. Lakini mavuno yakiisha, Bagika na Bagalu bado wanakutana uwanjani na kutambiana. Chama kina jina lake, kina ngoma zake, kina sifa yake. Wachezaji wanaingia na kutoka, chama kinabaki. Na mchezaji mmoja akidaiwa ng'ombe na jirani yake, mdai haendi kubeba ngoma za chama.

Kampuni ni hivyo hivyo, isipokuwa yenyewe inazaliwa kwa karatasi ya serikali. Ikishasajiliwa inakuwa mtu mbele ya sheria. Inamiliki mali, inakopa, inashitaki na inashitakiwa kwa jina lake yenyewe.

Jambo hili liliamuliwa London mwaka 1897, katika kesi ambayo wanasheria wetu mpaka leo wanaifundisha vyuoni. Palikuwa na fundi viatu mmoja, Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake ya viatu kuwa kampuni. Sheria ya Uingereza wakati ule ilidai wanahisa 7, basi akajiandika yeye, mkewe na watoto wao 5. Biashara ikaanguka. Wadai wakasema kampuni hii ni kiini macho, Salomon ndiye kampuni na kampuni ndiyo Salomon, alipe mwenyewe. Mabwana wakubwa wa mahakama ya juu kabisa wakakataa. Wakasema kampuni ikishaandikishwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine kabisa, hata kama hisa karibu zote ni za mtu mmoja.

Hiyo ndiyo maana ya lile neno "Limited" mnaloliona mwisho wa jina. Dhima ina kikomo. Tuseme ninyi vijana watano mmeanzisha kampuni ya kusafirisha mazao, yenye hisa 100, kila hisa shilingi 10,000. Jumla ni shilingi milioni moja. Kila mmoja amechukua hisa 20 na amelipa shilingi 200,000 zake. Kampuni ikifilisika, hasara yako kama mwanahisa inaishia kwenye zile 200,000. Nyumba ya mama yako haiguswi, na ng'ombe wa mahari hawaguswi. Lakini ukichukua hisa 20 ukalipia 5 tu, zile 15 unadaiwa.

Msichanganye kampuni na jina la biashara. Kuna wengi wamekwenda kuandikisha "Fulani Enterprises" wakadhani wana kampuni. Hapana. Jina la biashara ni wewe yule yule umevaa kofia nyingine. Ukidaiwa, unadaiwa mpaka kitanda.

NANI ANARUHUSIWA?

Sheria inayotawala Tanzania Bara ni Sheria ya Makampuni Namba 12 ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 1, 2006. Ilichukua nafasi ya sheria ya mkoloni ya mwaka 1932, ambayo nayo ilinakiliwa kutoka kwa Waingereza.

Kampuni binafsi ya kawaida inaanza na wanahisa wawili na haitakiwi kuzidi 50. Wakurugenzi wasipungue wawili. Lazima kuwe na katibu wa kampuni. Mwanahisa anaweza kuwa mkurugenzi vile vile, ndiyo maana marafiki wawili wa kijiwe kimoja wanaweza kufungua kampuni yao bila kumwomba bosi.

Sasa sikilizeni mambo ambayo sheria haiulizi. Haiulizi kama umefika kidato cha nne. Haiulizi kadi ya chama. Haiulizi kama baba yako ni nani, kama unakaa Masaki au Sola, kama ni mwanaume au mwanamke. Dada zetu mnaowaacha nyumbani mkija kwenye mikutano kama hii wana haki ile ile. Hata mgeni asiye raia anaweza kuwa mwanahisa au mkurugenzi, ingawa ana masharti yake ya vibali na kuna biashara ambazo amefungiwa, nitazitaja.

Nani basi amezuiwa? Wa kwanza ni mtoto. Utu uzima kisheria ni miaka 18, na sheria ina kifungu cha umri wa wakurugenzi kinachotaja miaka 21 kwa chini na 70 kwa juu. Wewe mwenye miaka 19 usijipe cheo haraka. Kuwa mwanahisa kwanza, ukurugenzi utaukuta. Wa pili ni aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika na hajasafishwa. Huyo haongozi kampuni bila ruhusa ya mahakama. Wa tatu ni yule ambaye mahakama imempiga marufuku kwa sababu ya udanganyifu katika kuendesha kampuni. Basi. Orodha ya wanaozuiwa ni fupi kuliko foleni ya maji bombani.

ILIPOKUWA MWIKO

Wazee wenu watawaambia kwamba haikuwa hivi siku zote. Kuna wakati swali la nani anaruhusiwa kuwa mkurugenzi lilikuwa swali la siasa kubwa kuliko yote.

Mwaka 1967, Azimio la Arusha liliweka miiko ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, wala kuwa mkurugenzi katika kampuni ya watu binafsi, wala kupokea mishahara miwili, wala kupangisha nyumba. Na wajanja wasije wakajificha nyuma ya khanga za wake zao, mwiko ulimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake. Haukuishia kwa mawaziri. Ulishuka mpaka kwa madiwani na watumishi wa ngazi ya kati.

Unaweza kusema mengi juu ya Azimio. Mengine yalitutia umaskini, na sisi wakulima wa pamba tunayo yetu. Ushirika wetu wa Victoria Federation, uliojengwa na wakulima wenyewe kuanzia 1955 chini ya akina Paul Bomani, ulikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Serikali ikauchukua mikononi mwake, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchi nzima vikafutwa kwa amri. Hilo halisahauliki. Lakini juu ya miiko, mwananchi wa kawaida alijua jambo moja: mtu anayetoa leseni hawezi kuwa mtu anayeomba leseni.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko hiyo. Tangu hapo kiongozi ni ruksa kuwa na hisa na ukurugenzi. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na maslahi yake kwa Sekretarieti ya Maadili. Zamani alikatazwa, siku hizi anatakiwa aseme.

Na asiyetaka kusema anafanyaje? Anatafuta jina la mtu mwingine. Jina la shamba boi, la dereva, la mpwa wake aliyeko kijijini. Ndugu zangu, hapo ndipo tunaporudi kwenye ile bahasha.

WAKURUGENZI WA KUKODI

Mnaikumbuka EPA? Wengi wenu mlikuwa watoto, basi niwakumbushe. Katika mwaka wa fedha 2005/06, Benki Kuu ililipa zaidi ya shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje. Wakaguzi walipofungua mafaili walikuta kwamba makampuni 13 yalilipwa zaidi ya bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi. Mengine 9 hata nyaraka za kutosha kukagua hazikupatikana. Kubwa kuliko yote lilikuwa Kagoda Agriculture Limited, kampuni iliyoandikishwa Septemba 2005, ikachota fedha zilizotajwa kuwa karibu bilioni 40 ndani ya miezi michache tu. Nchi nzima ikawa inauliza swali moja: Kagoda ni nani?

Fikirieni swali hilo. Kampuni ina cheti, ina wakurugenzi kwenye faili, ina akaunti benki, lakini taifa zima linauliza ni ya nani. Januari 2008 gavana wa Benki Kuu alifukuzwa, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2011 wapo waliofungwa. Waliokaa kizimbani ni wale ambao majina na saini zao zilikuwa kwenye makaratasi. Ikiwa nyuma yao kulikuwa na mwingine, faili halikumtaja.

Baada ya kasheshe za namna hiyo sheria ilikazwa. Marekebisho ya mwaka 2020 na kanuni za 2021 zinaitaka kila kampuni imtaje kwa Msajili mmiliki manufaa, yaani mtu wa damu na nyama ambaye mwisho wa yote ndiye anayefaidi au kuiamuru kampuni. Wewe uliyekodisha jina, ukiandika kwamba mwenye mali ni wewe huku unajua si wewe, umetoa taarifa ya uongo kwa serikali. Hilo ni kosa lako, si la aliyekutuma.

Kuna na jingine linalotugusa sisi wa huku kwenye pamba, choroko na dengu. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15. Humo zimo kununua mazao shambani, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni, na biashara ya jumla na rejareja ukiondoa maduka makubwa maalumu. Nyingi kati ya hizo ndizo kazi za vijana. Sasa mgeni aliyezoea kununua mazao hawezi kukosa akili. Atamtafuta kijana mwenyeji amwekee jina mbele. Amri imelifikiria hilo. Raia anayemsaidia mgeni kuikwepa ana faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Pima mwenyewe hiyo bahasha kama inafika milioni 5.

SAINI YA MKURUGENZI

Nimesema kampuni inamkinga mwanahisa. Msidhani inamkinga mkurugenzi kwa kila kitu. Mwanahisa ni mwenye mali. Mkurugenzi ni mwenye usukani. Gari likigonga mtu, dereva hasemi yeye alikuwa amekaa tu.

Mkurugenzi anatakiwa atende kwa nia njema, kwa faida ya kampuni, na kwa uangalifu. Akiendesha kampuni kwa nia ya kuwatapeli wadai, mahakama inaweza kuamuru alipe madeni kutoka mfukoni mwake, kikomo au hakuna kikomo. Kodi nayo ni hivyo hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaiwezesha TRA kumbana msimamizi wa kampuni kwa kodi ambayo kampuni haikulipa, asipoonyesha kwamba alifanya kila awezalo. Wewe uliyeweka jina tu utaonyesha nini? Utasema hukuwahi kuona hata daftari la mauzo? Hilo halikutetei, linakuumbua.

Na benki wana ujanja wao. Kampuni changa ikiomba mkopo, meneja anakuletea karatasi nyingine pembeni usaini kama mdhamini binafsi. Ukishasaini hiyo, kile kikomo tulichokisifu kwa mfano wa Salomon umekivunja kwa mkono wako. Soma kwanza. Kama hujaelewa, usisaini siku hiyo.

KABLA HUJASAJILI

Siku hizi usajili hauna haja ya kulala gesti Dar es Salaam. BRELA, wakala wa serikali ulioanza mwaka 1999, wanasajili kwa mtandao tangu 2018. Kinachotakiwa ni namba za NIDA na TIN za wahusika, jina la kampuni ambalo halijachukuliwa, katiba ya kampuni, anuani ya ofisi, na ada ambayo inapanda kwa ngazi kulingana na mtaji mlioandika. Ndiyo maana ni upuuzi kuandika mtaji wa bilioni ili kutisha watu. Unalipia kutisha kwako.

Katiba ya kampuni msinunue ya mtu mwingine mkabadili jina. Humo ndimo mnamoandika nani ana hisa ngapi, nani anasaini benki, mmoja akitaka kutoka hisa zake anauziwa nani, mmoja akifa familia yake inapata nini. Marafiki wengi wamekosana kwa sababu waliona aibu kuulizana maswali haya siku ya kwanza. Na jueni kwamba kwenye kampuni kura zinafuata hisa. Mwenye hisa 60 anawashinda ninyi wanne wenye 10 kila mmoja. Mkitaka kila mtu awe na kura moja, njia yenu ni chama cha ushirika.

Halafu jiulizeni kama mnaihitaji kweli kampuni leo. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ambayo 4 ni ya vijana, inatolewa kwa vikundi, haidai kampuni. Zabuni za serikali nazo zinapitia mfumo wa NeST, na sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii masharti ya kikundi kabla ya kukimbilia jina kubwa. Hapa Maswa wenzenu walianza kutengeneza chaki wakiwa kikundi cha vijana, wakisaidiwa na halmashauri, mpaka chaki za Maswa zikajulikana nje ya mkoa.

Kampuni ina gharama yake hata ikilala. Kila mwaka inapeleka taarifa BRELA, hata kama haikuuza kitu. Inapeleka ritani TRA, hata kama haikuuza kitu. Ukichelewa, faini inaota kama magugu mvua za kwanza. Faida yake inatozwa kodi ya asilimia 30, na ule utaratibu wa makadirio kwa mauzo alionao mfanyabiashara mdogo binafsi hauihusu kampuni. Anayesajili kampuni ili apate kadi za kutambia harusini atakuja kulia.

Lakini mkiwa na kazi yenye hatari ya hasara, mkiwa wengi mnaochanga fedha, mkitaka mwekezaji au mkataba mkubwa, hapo kampuni ndiyo ngao yenu. Msiogope. Kaeni watu wawili, watatu, watano mnaoaminiana. Andikeni kila kitu. Fungueni daftari siku ya kwanza.

Na kwa wale ambao bahasha imeshawafikia, au jina lako limeshaingia kwenye kampuni usiyoijua, usikae kimya ukingoja ikuangukie. Nenda BRELA, omba taarifa za kampuni hiyo. Rejesta ile iko wazi kwa umma kwa ada ndogo. Ukikuta ni mkurugenzi, andika barua ya kujiuzulu, hakikisha mabadiliko yanapelekwa kwa Msajili, bakiza nakala yenye muhuri. Kama kuna harufu ya jinai, tafuta mwanasheria kabla hujatafutwa. Hiyo ni kazi ya wiki moja. Ukiiahirisha, kila ritani isiyopelekwa na kila kodi isiyolipwa inaendelea kuandikwa juu ya jina lako.

Sasa leteni maswali, na anayejua mahali jina lake lilipo aanze.